Boljointi, Mtaimbo na Datsun 240Z: Historia Niliyoisikia Chini ya Subaru

Leo siandiki kuhusu programu. Najua wengi wenu mmezoea kunisoma nikizungumzia hifadhidata, simu na mitandao. Vumilieni kidogo. Leo nataka tuzungumze kuhusu kipande cha chuma kinachotoshea kiganjani, ambacho nusura kinitupe mtaroni mimi na mama yangu karibu na Kamukuywa. Kipande hicho kinaitwa boljointi. Kilikuwa tayari kinashikilia magurudumu ya mbele ya magari kabla lugha ya Fortran haijatolewa mwaka 1957, na bado hakuna kompyuta ndani ya gari langu inayojua kwamba kipo!

Wacha nianze na kisa, halafu tuingie kwenye historia.

Kwetu ni Bungoma, lakini naishi Kitale na kazi yangu naifanya nyumbani kwa njia ya intaneti. Mwaka jana nilinunua Subaru Impreza kuukuu, ile ya turbo. Ndoto ya tangu shule ya upili. Baada ya miezi michache gari likaanza kugonga mbele upande wa kushoto kila nilipopita kwenye tuta. Kok. Kok. Nikalipeleka gereji moja mjini ambako kijana alichomeka mashine ya kupima chini ya usukani, akangoja, akaniambia hakuna kosa lolote. "Gari liko sawa, boss." Nami, mtu wa kompyuta, nikaamini. Kama kompyuta imesema hakuna kosa, mimi ni nani?

Wiki iliyofuata nikamchukua mama kumpeleka Bungoma kwenye harusi ya binamu yangu. Wanaoijua barabara ya kutoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu hadi Webuye wanajua matuta yake. Karibu na Kamukuywa nikakanyaga breki, usukani ukavuta ghafla upande wa kushoto kama mtu ameshika gurudumu. Mama akasema, "Yesu!" Nikaliweka gari sawa, nikapunguza mwendo, na safari iliyobaki tukaenda mwendo wa maiti huku malori yakitupigia honi. Harusini tulifika chakula kimeisha.

Kesho yake nikaenda kwa khocha, yaani mjomba wangu, ndugu yake mama. Khocha alianza kushika spana miaka ya sabini kama msaidizi katika gereji ya Mhindi mmoja pale Kitale. Sasa amestaafu, ana ng'ombe wawili na mwembe ambao chini yake hapaishi magari.

"Hiyo sauti umeisikia tangu lini, mpwa wangu?"

"Mwezi hivi, khocha. Lakini nilipima na kompyuta. Haikuonyesha kosa."

Akanitazama. "Hiyo kompyuta iliingia chini ya gari?"

Sikuwa na jibu.

Akaweka jeki chini ya fremu, si chini ya mkono wa gurudumu, gurudumu likaning'inia hewani. Akachukua mtaimbo, akaupitisha chini ya tairi, akaniambia nilale chini na niweke kidole mahali mkono wa chini unapokutana na kitovu cha gurudumu. Akainua mtaimbo taratibu. Tk. Akaushusha. Tk. Nilisikia kwa kidole kabla ya kusikia kwa sikio. Kifuniko cha mpira kilikuwa kimepasuka, grisi yote imetoka, na mahali pake pameingia udongo mwekundu wa Trans Nzoia uliokauka kama saruji.

"Umesikia? Hiyo ndiyo kompyuta," akasema khocha. Halafu akaketi juu ya tairi la akiba na kuanza kunisimulia habari za Safari Rally. Mimi nilidhani anabadilisha mada. Kumbe alikuwa anajibu swali ambalo sikuwa nimeuliza: kwa nini kitu muhimu namna hii kimetengenezwa ili kichakae? Usiku huo na usiku uliofuata nilisoma, nikalinganisha aliyoniambia na yaliyoandikwa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kabla ya tufe kulikuwa na pini

Gurudumu la mbele lina kazi mbili zisizopatana. Lazima lipande na kushuka likipita kwenye shimo, na wakati huo huo lazima ligeuke kushoto na kulia. Kwa miaka mingi watengenezaji walitumia pini nene ya chuma iliyosimama wima, ambayo mafundi wetu huiita kingipini. Gurudumu linageuka kwenye pini kama mlango kwenye bawaba. Bawaba ya mlango ni imara, lakini ina mwelekeo mmoja tu. Ili gurudumu lipande na kushuka inabidi uongeze bawaba nyingine, na kila bawaba inadai grisi yake. Ukisahau grisi, bushi zinaliwa na usukani unaanza kucheza.

Usidhani kingipini imekufa. Simama leo kando ya barabara kuu pale Bungoma, utazame malori yanayoelekea mpaka wa Malaba. Ekseli za mbele za malori mengi bado zina kingipini, kwa sababu zinabeba mzigo mzito na zinatengenezeka.

Boljointi ilileta wazo lingine. Fikiria nyonga yako. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kilichokaa ndani ya kikombe, ndiyo maana unaweza kupiga teke mbele, kando na kuzungusha mguu. Boljointi ni hivyo hivyo: tufe la chuma ndani ya kikombe, grisi katikati, kifuniko cha mpira juu kuzuia vumbi na maji. Kiungo kimoja kinafanya kazi ya bawaba mbili. Huko Marekani, Lincoln ya mwaka 1952 ilitoka na boljointi mbele, na Ford za kawaida zikafuata mwaka 1954. Volkswagen Beetle, ile tunayoiita kobe, ilichelewa. Iliendelea na pini zake mpaka modeli ya mwaka 1966.

Ujanja huo una gharama. Kingipini ikichakaa, hulalamika kwa muda mrefu. Boljointi ikichakaa kupita kiasi, tufe linachomoka kwenye kikombe, gurudumu linalala chini ya bodi, na gari linakaa chini kwa tumbo. Hapo huna usukani tena. Unachobakiwa nacho ni maombi.

Mguu mmoja badala ya mikono miwili

Mtu wa pili katika hadithi hii ni Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani aliyekuwa General Motors akibuni gari dogo la bei nafuu lililoitwa Chevrolet Cadet. Mradi huo ukafutwa mwaka 1947. MacPherson akahamia Ford na wazo lake kichwani. Wazo lenyewe: badala ya kuwa na mkono wa juu na mkono wa chini, kila mmoja na boljointi yake, weka mguu mmoja mrefu. Ndani ya mguu huo kuna shokabsoba, springi imezungushiwa juu yake, kichwa chake kimefungwa kwenye bodi, na chini kuna mkono mmoja na boljointi moja. Mafundi huuita stratu.

Mwaka 1950 Ford ya Uingereza ilionyesha Consul na Zephyr zenye stratu hizo mbele. Na hapa ndipo hadithi inapofika kwetu. Mwaka 1955, Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda mashindano ya Safari wakiwa na Ford Zephyr. Miaka mitano tu baada ya gari hilo kuonyeshwa, mfumo wake ulikuwa umeshapimwa kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki na kupita.

Leo stratu ndiyo mfumo wa mbele wa magari mengi madogo unayoyaona, ikiwemo Subaru yangu. Ni nyepesi, ni rahisi, inaacha nafasi ya injini. Lakini hesabu vizuri. Palipokuwa na boljointi mbili kila upande, sasa ipo moja. Sisi watu wa programu tuna hofu maalumu ya kitu cha namna hiyo: sehemu moja isiyo na mbadala, ikianguka mfumo wote unaanguka. Nimekaa vikao vingi nikibishana na wenzangu kuhusu seva isiyo na mbadala. Kumbe kila siku nilikuwa nikiendesha gari lenye viungo viwili vya namna hiyo, na sijawahi kuinama kuvitazama.

Safari ilikuwa mtihani wa viungo

Safari ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 ikaitwa East African Safari, na mwaka 1973 ilikuwa miongoni mwa mashindano ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia wa rali. Haikuwa mbio za uwanjani. Ilikuwa barabara za kawaida, zikiwa wazi kwa ng'ombe, malori na watoto wa shule, kwa maelfu ya kilomita, mara nyingi wakati wa Pasaka ambapo mvua ndefu inaanza. Mwaka mmoja ni vumbi, mwaka mwingine ni tope.

Tope lilikuwa likichuja kweli kweli. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 tena saba. Mashabiki wakawaita madereva wale Saba Wasiozama. Na miaka yote miwili waliofika mbele walikuwa wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika gari lile lile, Peugeot 404. Katikati yao, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania walishinda na 404 pia.

404 haikuwa gari la kasi. Ilikuwa gari la familia, gari la mwalimu mkuu na chifu. Hata Beetle yenye pini za kizamani ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Khocha alilieleza hivi: "Safari haikuuliza gari lako linakimbia kiasi gani. Iliuliza limebakiwa na nini."

Aliyeelewa swali hilo kuliko wote alikuwa Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia kwenye gereji ya baba yake, na mwaka 1958 akawa mtu wa kwanza wa doria wa chama cha magari cha Afrika Mashariki, kazi ya kuwasaidia madereva waliokwama barabarani. Yaani kazi yake ilikuwa kutazama jinsi magari yanavyovunjika. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumika katika mashindano. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Wengine walimwita Simba. Mimi kwangu ni fundi aliyejua kuendesha, na nadhani mpangilio huo wa maneno una maana.

Gari la michezo linaingia matopeni

Sasa tuje kwenye gari lililomfanya khocha asimame kando ya barabara pale Kitale akiwa kijana mwenye grisi mikononi. Datsun 240Z.

Nissan ilianza kuleta magari yake katika Safari mwaka 1963. Ilisubiri hadi 1970 kushinda, kwa Datsun 1600 SSS ya Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka uliofuata wakaja na kitu cha kuchekesha, gari la michezo la viti viwili, boneti ndefu, mgongo mfupi, injini ya silinda sita ya lita 2.4. Gari hilo lilizinduliwa Japani mwaka 1969 na wanunuzi wengi walikuwa Wamarekani waliotaka kitu kizuri cha kuendea ufukweni. Nani angelipeleka gari la namna hiyo kwenye tope? Herrmann na Schüller walishinda nalo Safari ya 1971. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta na Mike Doughty, wakiwa na 240Z nyingine.

Chini ya urembo ule kulikuwa na stratu mbele na stratu nyuma. Mbele, mkono wa chini umefungwa kwenye fremu kwa bushi ya mpira, fimbo inauzuia usirudi nyuma, na mwishoni kuna boljointi iliyofungwa kwa bolti. Nasisitiza, kwa bolti! Haikuchomelewa wala kushindiliwa ndani ya mkono. Fundi mwenye spana, nyundo na jeki anaweza kuitoa na kuweka nyingine.

Na timu zilifanya hivyo hasa. Siku hizo magari ya huduma yalisubiri kando ya njia yakiwa yamejaa spea. Gari likiingia, watu wanalivamia: stratu nzima inatoka na nyingine inaingia, magurudumu, bushi, shokabsoba. Khocha aliyaona hayo magari yalipopita upande wetu, na kitu kilichomshangaza hakikuwa kasi. "Walikuwa wanatoa vitu ambavyo havijavunjika," aliniambia. "Sisi gereji tulikuwa tunangoja mteja aletwe na kamba. Wale walikuwa wanabadilisha kabla."

Safari ya 1973 ndiyo inayoonyesha vizuri uzito wa hilo. Shekhar Mehta alizaliwa Kampala, na familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Pasaka iliyofuata alikuwa kwenye 240Z na Lofty Drews. Baada ya maelfu ya kilomita walimaliza na pointi sawa kabisa na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS. Ikabidi waangalie nani alipita vituo vingi zaidi bila adhabu. Akawa Mehta. Aliendelea kushinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na hakuna mwingine aliyefikisha ushindi mara tano katika Safari ikiwa sehemu ya ubingwa wa dunia.

Hebu fikiria pointi sawa baada ya njia yote ile. Dakika moja zaidi kwenye nati iliyoshika kutu, na historia ingeandikwa vingine.

Kutoka rali hadi stendi

Mtu atauliza, sasa hayo ya Mehta na Herrmann yanahusianaje na Kitale na Bungoma? Jibu langu ni Peugeot 504. Gari hilo lilishinda Safari mwaka 1975 likiwa na Ove Andersson na mwaka 1978 likiwa na Jean-Pierre Nicolas. Wakati huo huo liliunganishwa hapa Kenya, na ile ndefu ya nyuma ikawa gari la abiria la masafa. Wazazi wetu walikuwa hawasemi wanapanda matatu kwenda Nairobi. Walisema wanapanda Peugeot. Watu wamejazana, mizigo juu, barabara ile ile, kila siku, si Pasaka tu.

Gari linalofanya kazi hiyo linakula bushi na boljointi kama ng'ombe anavyokula majani. Hivyo mafundi wa miji kama Kitale, Webuye na Bungoma walilazimika kuzijua stratu kwa mikono. Khocha anasema katika siku zake za Peugeot aliweza kutambua upande uliochakaa kwa kusikiliza gari likiingia stendi. Hajaandika popote. Aliyemfundisha naye hakuandika.

Zamu ya Subaru ilikuja baadaye. Patrick Njiru alilifanya jina la Subaru lipendwe nchini. Mwaka 1993 alimaliza Safari na kushinda daraja lake kwa Subaru Vivio, kigari kidogo cha kuchekesha. Colin McRae akashinda kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Vijana waliozaliwa miaka hiyo ndio sisi tunaonunua Impreza kuukuu leo kwa akiba yetu yote. Tumerithi jina na sauti ya injini. Mtaimbo hatukurithi.

Safari iliondoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 ikiwa na makao Naivasha. Magari ya sasa yana vipimo kila mahali, na wahandisi wanasoma takwimu kwenye skrini. Siku ya mwisho ya Safari hiyo ya 2021, Thierry Neuville alikuwa akiongoza kwa karibu dakika moja. Asubuhi, shokabsoba ya nyuma kulia ikaharibika. Akajiondoa. Sébastien Ogier akashinda. Miaka zaidi ya hamsini baada ya 240Z, swali la Safari halikubadilika: limebakiwa na nini?

Chini ya mwembe

Turudi kwa khocha. Niliamka mapema nikaenda mjini kununua boljointi. Nikarudi nayo kwenye boksi lenye rangi nzuri. Khocha akaishika, akalisukuma tufe kwa kidole gumba. Likacheza kama ulimi wa kengele. Akalinusa, akalitikisa sikioni. "Hii ni ya kuuza, si ya kuendesha." Boljointi mpya nzuri inapaswa kuwa nzito kuisogeza, laini bila kukwaruza, na kifuniko chake kiwe kinene. Ikabidi nirudi mjini tena, safari hii na yeye. Ya pili ilikuwa ghali zaidi ya mara mbili. Nililipa bila kufungua mdomo.

Kwenye Impreza, boljointi imeshikwa sehemu mbili. Chini inaingia kwenye mkono kwa shina lililochongoka, nati juu yake na pini ndogo ya kuizuia isilegee. Juu inaingia kwenye kitovu na kubanwa na bolti moja. Bolti hiyo ndiyo adui. Ikishika kutu na ukaivuta kwa hasira, inakatika ndani, na kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili. Khocha aliipaka mafuta usiku, akaipaka tena asubuhi, akaizungusha robo mbele, robo nyuma, bila haraka. Ilichukua muda mrefu. Nilitaka kushika bomba refu tuongeze nguvu. Akanikataza.

Shina lililochongoka nalo halivutwi. Unalegeza nati bila kuitoa kabisa, halafu unapiga nyundo ubavuni mwa mkono, mahali shina lilipokaa. Pigo la tatu, likaachia lenyewe kwa mshindo.

Tulikuta bushi za mkono pia zimepasuka, tukabadilisha. Hapa ndipo alinifundisha jambo ambalo sikuwa nalijua, na nadhani vijana wengi wa gereji hawalijui. Usikaze bolti za bushi gari likiwa juu ya jeki. Mpira wa bushi umegandamana na chuma chake. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, ukishusha gari mpira unajipinda, unabaki umejipinda siku zote, na baada ya miezi michache unapasuka. Shusha gari kwanza, lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Kisha lipeleke kwenye mashine ya kunyoosha magurudumu. Hapo kompyuta ina kazi yake na khocha mwenyewe aliisifu.

Boljointi ya zamani ninayo mezani hapa ninapoandika. Nikilisukuma tufe kwa kidole linacheza milimita chache. Milimita hizo ndizo zilizokuwa kati ya mama yangu na mtaro wa Kamukuywa.

Sitaki kuilaumu mashine ya kupima. Ilisema kweli. Haikuona kosa kwa sababu haina kipimo pale chini. Inasoma injini, hewa, breki za kielektroniki, basi. Kosa lilikuwa langu. Nilisoma "hakuna kosa lililoonekana" nikaelewa "hakuna kosa". Mtu mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta! Kila siku nawaambia wanafunzi wa mafunzo kazini kwamba jaribio lisilogusa sehemu fulani haliwezi kusema lolote kuhusu sehemu hiyo.

Lakini kinachonikosesha usingizi si hilo. Khocha ana sukari na macho yake yanafifia. Alipokuwa anatafuta kijishimo cha pini ya nati alitumia kidole, hakuona. Vitabu vinatunza nani alishinda mwaka gani, nimevisoma. Hakuna kilichotunza kwamba bolti ya boljointi inazungushwa robo mbele na robo nyuma na mtu asiye na haraka. Elimu hiyo ilitoka kwenye gereji za Kitale, ikapita kwenye Peugeot za Bungoma, na sasa imekaa chini ya mwembe mmoja na mzee mmoja.

Kwa hiyo kila Jumamosi ya pili naenda na simu, namrekodi. Nimeanza pia programu ndogo inayohesabu kilomita na kukumbusha lini mtu alale chini ya gari lake. Nilipomwonyesha aliitazama karibu sana na uso, akauliza, "Hii itashika mtaimbo?"

"Hapana, khocha. Wewe utanifundisha kuushika."

"Basi njoo Jumamosi. Kuna Probox ya jirani inagonga."

Haya, msomaji wangu. Kama gari lako linagonga kwenye matuta, usingoje taa iwake kwenye dashibodi. Hiyo taa haipo. Jeki chini ya fremu, gurudumu hewani, mtaimbo chini ya tairi, kidole kwenye kiungo. Ukisikia tk, usisafiri.